Sauti ya Mwalimu wa Muziki

...binamu, eti binamu, binamu wa mwalimu mkuu, mtu ambaye kwa sura thelathini nzima hakupiga hata chafya, hakupita hata kwa bahati mbaya nje ya dirisha, sasa anaibuka sura ya thelathini na moja na barua ya kurasa kumi na moja, anakiri kila kitu kuanzia ufunguo ulioibwa hadi kiatu cha msichana aliyepotea, na ana mwandiko mzuri kweli, kitabu kinasema, mwandiko wa mtu aliyetulia... ataachaje kutulia, wakati hakuna hata mmoja aliyekuwa akimtafuta! Msomaji anageuza ukurasa, anaurudisha, anaugeuza tena, taratibu, kwa ncha za vidole viwili, maana karatasi nayo ina kelele zake na maiki iliyo mbele ya pua yake haimsamehe mtu, ingawa kwa sasa taa nyekundu imezimwa na angeweza kuuchana ukurasa huo, kuutafuna akitaka, kwa kuwa kwenye jengo la jirani kuna mtu anatoboa ukuta kwa drili, na ukishafanya kazi miaka tisa ya kuwasomea vitabu wasioona unajua kabisa kwamba drili ya jirani ndiyo bosi wako, ikianza unanyamaza, ikinyamaza unaanza. "Dakika tano, dada," Fundi amesema kutoka upande wa pili wa kioo, huku hedifoni moja iko sikioni na nyingine kipara kimeibeba, "nimemtuma mlinzi akamwombe." Dakika tano za Fundi ni robo saa ya watu wengine, haya, mshukuru Mungu, robo saa ya kumchukia binamu. Kwanza huyu binamu atamsoma kwa sauti gani? Sauti zimemwishia, ameshazigawa zote, ya kukwaruza amempa mlinzi wa bweni, ya puani amempa matroni, ya kusitasita mtoto wa mwalimu mkuu, ile nyororo... ile nyororo kampa mwalimu wa muziki, na sasa mwandishi anamletea mgeni wakati karamu imekwisha na sahani zimeoshwa. Na kile kidole cha mlinzi kilichokatika, kilikatwa na nini? Hakuna anayesema. Kengele ya bwenini iliyokuwa ikilia yenyewe saa kumi na moja alfajiri, ambayo ndiyo jina la kitabu, jamani, *Kengele ya Saa Kumi na Moja*, imeandikwa kwa dhahabu hapo kwenye jalada, nani alikuwa akiipiga? Upepo. Sura ya thelathini na mbili, ameshaichungulia asubuhi hii, mstari mmoja, "huenda ulikuwa upepo." Huenda! Mtu anakukeshesha kurasa mia tatu na sitini halafu anakwambia huenda. Na watu walivyokipamba, mtangazaji wa redio alikula kiapo kwamba alikisoma akiwa amesimama jikoni na chakula kikaungua, muuzaji wa duka la vitabu alikuwa akimnong'oneza kila mteja, usifungue ukurasa wa mwisho, nakuomba kama ndugu yako, wanafunzi walikuwa wakitembea nacho barabarani mpaka wakajigonga kwenye nguzo, na yeye mwenyewe, mtu mzima na miwani yake, akafuata mkumbo... hakukisoma kabla. Hapo ndipo penyewe. Hakukisoma kabla, na mama aliyemfundisha kazi hii, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alimwambia siku ya kwanza kabisa, kitabu unakisoma chote nyumbani, unakimaliza, ndipo unakuja kukaa hapa, wewe ni dereva wa basi, bibie, abiria ndio wanaoruhusiwa kuishangaa njia. Miaka tisa hakuwahi kuivunja kanuni hiyo, hata kwa vitabu vya kilimo, hata kwa kile cha sheria za ardhi kilichomfanya alie kwa usingizi. Akaja kuivunja kwa ajili ya Chiriku. Chiriku ni binti wa dada yake, ana miaka kumi na mitano, na jina hilo halikutoka mbali, mtoto akishaamka anaanza kusema na akilala bado anamalizia sentensi, na macho yalimzimika akiwa na miaka sita, homa ya siku nne tu, lakini mdomo haukupata hata mafua. "Mama mdogo, kimefika?" miezi miwili mfululizo, kila jioni, "mama mdogo, hicho kitabu kimefika huko kwenu?" kwa sababu darasani kwao wote walikuwa wameshakisoma kwa macho na yeye ndiye pekee anayesubiri kusomewa, na kilipofika wakakubaliana, mama mdogo na mwanawe, kwamba safari hii hakuna wa kujua mbele, "tushangae wote, mama mdogo, siku moja tu na wewe usijue," na yeye akasema sawa, akacheka, akaona raha kama mtoto aliyeruhusiwa kulala kwa jirani. Basi kila sura tatu zikikamilika dada anapita mchana kuchukua flashi, na jioni simu inalia. Tena darasa likafunga mkataba, Chiriku alimweleza akiwa hawezi hata kupumua kwa furaha, atakayemdokeza mwisho atafagia darasa mwezi mzima peke yake, "darasa zima linanitunzia siri, unajua raha yake? Siyo kwamba wananificha, wananitunzia." Alisema hivyo hivyo, wananitunzia, na mama mdogo wake ilibidi asogeze simu mbali na uso. Na leo ndiyo flashi ya mwisho, dada atakuwa hapa saa saba, Chiriku atasikiliza akitoka shule, na kesho asubuhi ni mjadala, mwalimu wao amesema yeye ndiye atakayefungua, atasimama mbele ya wenzake arobaini aseme alivyomgundua mhalifu, maana ameshamgundua, ameshamtangaza, tangu sura ya nane anawaambia wote kwa kujiamini kwamba ni mwalimu wa muziki. "Na kila nikisema hivyo wanacheka, mama mdogo. Wanacheka kwa sababu nimepatia." Ee Mola. Wanacheka kwa sababu nimepatia... hilo ndilo lililomkaa kooni tangu asubuhi, si binamu, binamu ni wa kutemea mate tu, ni hicho kicheko cha watoto arobaini wanaojua, na mmoja katikati yao aliyekipokea kama zawadi. Sasa kuna ugumu gani, anajiuliza, na hii si mara ya kwanza asubuhi hii kujiuliza, kuna ugumu gani kubadilisha? Mistari mitano. Anayeandika barua anakuwa mwalimu wa muziki, mwandiko mzuri abaki nao, hata sababu zipo, alirudi shuleni kabla ya likizo kwisha, alikuwa ananawa mikono kila mara, mwandishi ameandika "alinawa mikono" mara tatu na mwisho hakusema alikuwa ananawa nini, kitabu kingekuwa kizuri kuliko kilivyo, Fundi asingemsema, Fundi amesema mwenyewe asubuhi hii aliposomewa huo ukurasa wa barua, "hata mimi ningembadilisha huyu, dada, huyu wa kuchongwa kwa panga," na wakacheka wote wawili... lakini darasa limesoma kitabu chenyewe. Chiriku angesimama kesho na mwisho usiokuwepo duniani. Na tena, hapana, kubadilisha alishabadilisha zamani, na alishalipia. Alipokuwa anamsomea akiwa mdogo, mwaka ule wa kwanza wa giza, kitandani kwa dada, hakuna mnyama aliyekufa katika hadithi yoyote, mbuzi alikuwa anatoroka, bibi mgonjwa anapona, mtoto aliyepotea sokoni anaonekana nyuma ya gunia kabla hujameza mate, na kurasa zilikuwa zinasema mengine kabisa, mpaka mwalimu wa darasa la pili akasoma hadithi ileile ya mbuzi kwa sauti, na mtoto akarudi nyumbani akaweka mkoba chini, kimya, yeye, Chiriku, kimya, kisha akasema, "Mama mdogo, mbuzi alikufa." Ndiyo. "Tangu siku zote alikuwa amekufa?" Ndiyo, mama. "Ulinidanganya kwa kuwa sioni?" Hapana, kwa kuwa ulikuwa mdogo. Na akamwona anavyolipima jibu hilo, amegeuza sikio pembeni kidogo kama anavyofanya mpaka leo, wala hakulikubali wala hakulikataa, akaomba maji ya kunywa. Tangu hapo ni neno kwa neno, hata makosa ya uchapaji anayasoma kama yalivyo, hakuna mbuzi aliyetoroka tena mikononi mwake, na kama kuna kitu anajivunia katika kazi hii yenye kiti kimoja na glasi ya maji ya vuguvugu ni hicho, kwamba anachokisoma ndicho kilichoandikwa.

"Dada, tukiwa tunasubiri, nikuwekee sura ya tisa kidogo," Fundi anasema, "siku zile ulikuwa na mafua, nataka nilinganishe sauti isije ikaruka," na hangoji jibu, hajawahi kungoja jibu tangu waanze kufanya kazi pamoja, anabonyeza, na kwenye hedifoni yake anaingia mwanamke anayemfahamu sana na asiyempenda sana, kama anavyojisikia kila mtu anayesikilizishwa sauti yake, anasoma kuhusu asubuhi ya mvua na wanafunzi wakikung'uta makoti, sawa, mafua yapo, hewa inapita vizuri, kituo kipo mahali pake, halafu mlango wa darasa unafunguliwa na mwalimu wa muziki anasema, "Habari za asubuhi, wanangu. Leo tutajifunza wimbo mpya." Lo. "Fundi, rudisha." Anarudisha. "Habari za asubuhi, wanangu..." na lile wanangu, Mungu wangu, limevutwa, limelainishwa, limepakwa mafuta, ni wanangu wa mtu anayefunga mlango kwa nyuma bila kugeuka, na wimbo mpya umetamkwa kana kwamba una maiti ndani yake. Anaurudia ukurasa wenyewe, anaufungua haraka kwa kidole kilicholowana, sura ya tisa, hapa, anautafuta mstari, na mstari unasema tu, mwalimu wa muziki aliingia akasema habari za asubuhi, wanangu, leo tutajifunza wimbo mpya. Basi. Hakuna "akasema kwa sauti ya chini," hakuna "akitabasamu," hakuna kitu. Mtu amewasalimia watoto. "Nipe nyingine yoyote ambayo yumo," anasema, na Fundi anatafuta, sura ya kumi na nne, "Mmeona miwani yangu?" Miwani tu anaulizia, maskini ya Mungu, miwani, na inasikika kama anaulizia kisu. Sura ya ishirini, "Nendeni mkapumzike." Usiku mwema wa mnyongaji. "Ulimpatia sana huyu," Fundi anasema kwa moyo mweupe, "mimi tangu mwanzo nilisema ndiye yeye, nikamwambia hata mke wangu." Tangu mwanzo! Umejuaje, Fundi, wewe hujakishika hata kitabu chenyewe, unasikia tu... na hapo ndipo damu inapompanda msomaji masikioni, moto mtupu, kwa sababu ni kweli, Fundi anasikia tu, na Chiriku anasikia tu, na wale watoto arobaini walisoma kwa macho na hakuna hata mmoja wao, hata mmoja, aliyewahi kumshuku mwalimu wa muziki, Chiriku alisema mwenyewe, "wao walidhani matroni, wengine mlinzi, mimi peke yangu ndiye niliyemnusa," na mama mdogo akamsifu, akasema una akili wewe, una masikio ya paka! Alimnusa wapi? Kwenye karatasi hayupo. Alimnusa hapa, kooni mwa mama mdogo wake, ambaye sura ya tatu aliona mtu ananawa mikono akasema moyoni, ahaa, ndiye huyu, nimekushika, na tangu siku hiyo akawa anamhukumu kwa kila salamu, mwezi mzima, bila kujua, dereva anayeishangaa njia na kuwapigia abiria kelele za mbele kuna shimo, na shimo hakuna. Yeye asiyebadilisha hata nukta. Maneno yote yapo mahali pake, hata moja halikupungua, na kitabu amekibadilisha kizima.

Anakunywa maji. Hayajamsaidia, anakunywa tena. Kumbe ndiyo maana alikuwa anamchukia hivyo mwandishi, alikuwa anaona ametapeliwa na mtu aliyeficha binamu, sawa, na alitapeliwa kweli, kitabu ni kibovu, hilo hata mbele ya hakimu atalisema, mwisho wake umeungwaungwa kama suruali ya kurithi, lakini aliyemtapeli Chiriku si mwandishi. Mwandishi alimpa watuhumiwa wanne aende akachague kama watoto wengine, mwingine akosee kwa matroni, mwingine kwa mlinzi, wakosee kila mtu na kosa lake, halafu wakifika kwa binamu wapige kelele wote, wakitupe kitabu juu ya dawati, waseme tumeibiwa, na kuibiwa pamoja namna hiyo kuna utamu wake, yeye mwenyewe katika umri huo aliwahi kuchukia kitabu pamoja na rafiki zake wiki nzima na hajawahi kucheka vile tena. Chiriku naye ana haki ya kuudhika na kitabu hiki. Ana haki ya kukiona kibaya yeye mwenyewe, bila mtu kumpangia, kumchambulia, kumtolea miiba, maana ndivyo wanavyomfanyia wote, dada, shangazi zake, walimu, yeye, samaki hafiki mdomoni mwake kabla hajapita mikono mitatu, na kumbe hata mashaka yake alitafuniwa. Arekodi upya mistari yote ya mwalimu wa muziki? Wiki mbili za kazi, na msichana ameshasikia. Ampigie dada amwambie Chiriku mapema? Na mwenyewe alishaomba, "Usinidokeze, mama mdogo, hata kwa kukohoa." Basi. Ataenda mpaka mwisho, atamsoma binamu kwa sauti kavu, neno kwa neno, na upepo wake na huenda yake, na msichana ashtuke, akasirike, kesho acheke nao au alie nao, ni juu yake, lakini asisimame mbele ya darasa akidhani masikio yake ndiyo yaliyomdanganya. Hapana, hilo hapana, masikio yale ndiyo kila kitu alicho nacho, hakuna atakayeyatia doa, hata kwa kunyamaza. "Fundi." Fundi anainua kichwa. "Maelezo ya msomaji yanaweza kukaa mwisho kabisa? Baada ya mstari wa mwisho?" Fundi anafikiri, kwa kuwa maelezo ya msomaji kwa kawaida yanawekwa katikati, pale palipo na picha au ramani, msomaji anasema maelezo ya msomaji, anaeleza kinachoonekana, anasema mwisho wa maelezo, anaendelea. "Yanaweza," anasema, "kuna picha huko mwisho?" Hakuna picha. "Kosa la uchapaji?" La msomaji. Fundi anamtazama juu ya miwani, kupitia kioo chenye alama za vidole. "Hilo sijawahi kulirekodi. Unajua litakwenda matawi yote ya maktaba, eeh? Halifutiki, dada. Litakaa na jina lako." Najua. "Miaka tisa hujawahi kuandikiwa kosa hata moja." Najua, Fundi. Anainua mabega, anavuta daftari lake, anaandika kitu, na ukuta wa jirani unaendelea kutobolewa, taa nyekundu bado imelala, kitabu kiko wazi pale pale kwa binamu na mwandiko wake, na msomaji ana aibu, ndiyo, ana aibu ya kutosha kabisa, inamchoma shingoni, ila ajabu ni kwamba haikimbii, amekaa nayo tu kama mtu aliyekaa na mgeni aliyechelewa kumkaribisha, akichezesha midomo bila sauti, akiyapanga, akiyajaribu yasiwe marefu, yasijitetee, yasibembeleze, maelezo ya msomaji, mwalimu wa muziki katika kitabu hiki alisema maneno ya kawaida kwa sauti ambayo mwandishi hakuieleza, ubaya mliousikia ndani yake tangu sura ya tatu niliutia mimi, nilimshuku kabla sijamaliza kusoma, kwa hiyo msikilizaji aliyemshuku alisikia sawasawa, mimi ndiye niliyesoma vibaya, mwisho wa maelezo.